Kabla hujaweka pesa ya mahindi

Ndugu mkulima, juzi nilikuwa Laela. Kijana mmoja akanionyesha simu yake: "Bwana shamba, nimefungua akaunti hapa hapa sokoni, na fulana nimepewa!" Nikampongeza. Nikamuuliza, ukiuza magunia arobaini, pesa utatolea wapi? Kwa wakala, akasema. Haya, ila msimu wa mavuno, ikifika mchana, wakala hana keshi.

Mimi tawi langu lilifungwa. Tangu hapo, saini moja tu ni nauli ya kwenda mjini Sumbawanga na siku nzima ya kazi.

Tawi likifungwa, pesa yako ipo. Benki nzima ikifungwa ni habari nyingine. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo Njombe Community Bank. Bima ya amana wakati ule ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mteja; aliyekuwa na zaidi alisubiri ufilisi. Kikomo kimepandishwa hadi 7,500,000.

Nikamwambia arudi kwa waliomsajili: tawi la karibu liko wapi, wakala anatoa hadi kiasi gani kwa siku, makato ni shilingi ngapi? Akacheka. Walishaondoka na gari lao.