Doa Lililopigwa Pasi

Marehemu baba yangu alikuwa dobi. Kibanda chake kilikuwa na makarai mawili, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi ya mkaa ambayo sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Katika mafunzo yote ya kazi yake, moja alilirudia mpaka tukalikariri: doa lisipigwe pasi. Nguo yenye doa, alisema, irudishwe majini hata kama mwenyewe anasubiri mlangoni, kwani moto wa pasi huligandisha doa katika nyuzi, na nguo ikishanyooshwa hupendeza kwa mbali huku imekwisha haribika. Nilidhani anatufundisha habari za nguo.

Mwaka 1983 mdogo wangu alifariki, akaacha mjane na watoto watatu. Kikao cha ukoo kiliniteua mimi nifuatilie mafao yake na kuyatunza kwa ajili ya watoto. Baada ya miezi michache nilikabidhiwa shilingi 12,000. Wakati huo nilikuwa nikijenga. Kuta zilikwisha simama, na mabati yalikuwa adimu. Rafiki mmoja akaniarifu kwamba yamepatikana, ila fedha zinatakiwa siku ile ile. Nikajiambia kuwa ninakopa tu, nitarudisha mwisho wa mwaka. Shemeji yangu alipokuja kuuliza, nilimjibu kwamba hundi bado haijatoka. Uongo huo niliupiga pasi vizuri: niliandika barua za kufuatilia ambazo sikuzipeleka popote, nikamwonyesha nakala zake. Miaka miwili ikapita. Shemeji akaanza kufua nguo za watu ili awalishe watoto wa ndugu yangu.

Katika muda wote huo sikukosa ibada hata Jumapili moja. Niliungama pamoja na wenzangu maneno yale ya jumla, yasiyomtaja mtu wala kiasi cha fedha. Ndipo Jumapili moja ya mwaka 1985 nikapangiwa kusoma somo, nalo lilikuwa katika sura ya kwanza ya kitabu cha Isaya.

Isaya alihubiri katika Yerusalemu karne ya 8 kabla ya Kristo, siku za wafalme Uzia, Yothamu, Ahazi na Hezekia. Hakuwa akisema na watu wasio na dini. Watu wake walijaza nyua za hekalu, wakaleta dhabihu na uvumba, wakashika sikukuu za mwezi mwandamo na sabato. Nabii anawaambia kwamba Mungu amechoshwa na hayo yote, kwa sababu mikono wanayoinua katika sala imejaa damu. Kisha anawaagiza wajioshe. Msomaji hutazamia kwamba sasa atataja birika au kafara. La hasha! Anataja haki: aliyeonewa asaidiwe, yatima na mjane wapate mtetezi. Ni baada ya hayo tu ndipo inapokuja ahadi mashuhuri ya dhambi nyekundu kugeuka nyeupe. Na wekundu ule haukuwa wa mchezo. Rangi yake ilitokana na wadudu wadogo waliokaushwa na kusagwa, nayo ikishaingia katika sufu haina dobi wa kuitoa.

Nilipofika kwenye neno mjane niliinua macho. Shemeji yangu alikuwa ameketi benchi la tatu upande wa wanawake, mikono imemchubuka kwa sabuni. Somo nililimaliza, lakini sijui nililimalizaje.

Wiki ile niliwasoma manabii kama mtu atafutaye mlango wa kutokea. Yeremia, aliyeishi hata akaona maangamizi ya Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo, anawaambia watu wake kwamba magadi na sabuni, hata zikiwa nyingi namna gani, haziondoi alama ya uovu mbele za Mungu. Kitenzi anachokitumia katika Kiebrania ni kile cha kufua nguo kwa kuikanyaga, si cha kuoga mwili. Malaki, aliyetabiri baada ya hekalu kujengwa upya, anafananisha kuja kwa Bwana na moto wa msafisha fedha na sabuni ya dobi, na wa kwanza kusafishwa ni wana wa Lawi wenyewe.

Kwa Ezekieli nilipata faraja. Yeye alihamishwa kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na huko alitangaza kwamba Mungu mwenyewe atawanyunyizia watu wake maji safi na kuwapa moyo mpya mahali pa ule wa jiwe. Sisi Wakristo twaona ahadi hiyo imetimia katika Kristo, na ubatizo ni alama yake. Basi nikawaza: kama Mungu ndiye afuaye, kuna haja gani ya kumwambia shemeji? Lakini nabii huyo huyo, sura chache kabla ya hapo, amekwisha sema kwamba mwovu atakayeishi ni yule anayerudisha rehani na kulipa alichonyang'anya. Hata Zakayo, alipompokea Yesu nyumbani mwake, alisimama akataja hesabu.

Kadhalika nilikumbuka kwamba Isaya alipotumwa kukutana na mfalme Ahazi, alielekezwa kwenye njia iendayo uwanja wa dobi, naye aende na mwanawe Shear-yashubu. Maana ya jina hilo ni kwamba mabaki watarudi. Kurudi ndilo neno la manabii kwa kutubu. Hata neno letu toba limetoka katika Kiarabu, lugha iliyo jamaa na Kiebrania, na asili yake nalo ni kurejea. Mtu hawezi kurejea kwa Mungu kwa njia inayoukwepa mlango wa jirani aliyemdhulumu.

Jumamosi jioni nilikwenda. Nilimkuta anaanua nguo. Nikamweleza yote: hundi, mabati, barua za uongo. Alikunja shati alilokuwa ameshika, akaliweka juu ya mengine.

"Shemeji," alisema, "nilijua tangu mwaka jana. Nilikwenda mwenyewe kuuliza. Nilikuwa nangoja uje."

Sikupata la kujibu. Niliuza baiskeli na baadhi ya mabati, na salio nikalipa kidogo kidogo hadi mwaka 1987, pamoja na nyongeza ya moja ya tano kama Torati ilivyoagiza kwa mdhulumu. Mbele ya kikao cha ukoo nilisema pia, na hilo lilikuwa chungu kuliko fedha. Msamaha wa shemeji niliupata mapema. Imani yake ilichukua miaka, nami sikuwa na haki ya kuiharakisha.

Ndugu msomaji, huenda nawe una nguo iliyonyooka, kila mtu anaisifu, na wewe peke yako wajua palipo doa. Irudishe majini. Mwenyewe anasubiri mlangoni, na pengine anajua tayari.