Ufalme wa Juma Moja

Mfalme wa zamani alitoka kitini kwa kufa au kwa kuuawa, na katika Uskoti ya karne ya 10 njia ya pili ndiyo iliyozoeleka. Ndiyo maana habari za Constantine wa Pili, mwana wa Aed, zilinishika nilipozisoma. Mwaka 943 hivi, baada ya kutawala miaka zaidi ya 40, mzee huyu aliuacha ufalme akiwa hai, akashika fimbo ya utawa na kwenda kuishi na watawa wa St Andrews. Sisi tuliowahi kukalia viti vya ukuu, hata kile kidogo cha chuo cha ualimu, twajua uzito wa kuinuka.

Urithi wake ulikuwa wa mashaka. Ndugu wa baba yake, Constantine wa Kwanza, aliuawa na Waviking mwaka 877. Baba yake naye aliuawa mwaka uliofuata, ingawa si na Waviking. Yeye alipotawazwa mwaka 900 maharamia hao walikuwa bado wanavinjari baharini, na walipofukuzwa Dublin mwaka 902 walitafuta pengine pa kula. Mwaka 903 waliipora Dunkeld, mahali palipohifadhiwa baadhi ya masalia ya Mtakatifu Columba, yaliyohamishwa kutoka kisiwa cha Iona kwa hofu ya maharamia hao hao.

Mwaka 904 watu wa Constantine walilipa. Walimuua Ivar, mjukuu wa yule Ivar mkubwa aliyeanzisha ukoo wa wafalme wa Dublin. Masimulizi ya Kiayalandi yasema kuwa watu wa Alba, maana ndivyo walivyoiita nchi yao, walikuwa wakifunga, wakisali na kutoa sadaka, kisha wakaenda vitani wakitanguliza fimbo ya Columba, waliyoiita Ushindi wa Vita.

Lakini mimi napenda zaidi yaliyotokea mwaka 906. Constantine na askofu Cellach walipanda kilima karibu na Scone wakaapa kuzishika sheria za imani na haki za Kanisa. Mkuu yeyote wa shule ataelewa. Fujo ikiwa imepamba moto husomi kanuni. Wasubiri vumbi litulie, ndipo uwakusanye watu.

Mwaka 918 alipigana tena na Waviking kando ya mto Tyne, giza likaingia bila mshindi. Baadaye hatari kubwa ikatoka kwingine. Athelstan, mfalme wa Waingereza, aliingia Uskoti mwaka 934 kwa nchi kavu hadi Dunnottar, na merikebu zake zikafika Caithness. Constantine alifanya nini? Aliungana na Olaf, mfalme wa Dublin, Mviking wa ukoo ule ule wa Ivar! Wako watakaomwita kigeugeu. Mimi siwezi. Nchi ndogo haichagui majirani, na nyumba inayoungua haiulizi maji yametoka kisima cha nani. Hata hivyo mwaka 937 walishindwa vibaya huko Brunanburh. Mwana wa Constantine alibaki uwanjani, na mshairi wa Kiingereza akamkejeli mzee mwenye mvi aliyekimbia bila mwanawe. Baada ya miaka sita hivi alikuwa mtawa, na Malcolm, mtoto wa binamu yake, ndiye mfalme.

Ningemwacha hapo na sala zake, lakini kitabu cha kumbukumbu za wafalme wa Alba hakimwachi. Karibu na mwaka 950 Malcolm alivamia Uingereza hadi mto Tees, akateka watu na mifugo mingi. Wengine, chasema kitabu, hudai kwamba Constantine alimwomba Malcolm amrudishie ufalme kwa juma moja tu, ili akawatembelee Waingereza. Kisha mwandishi anasahihisha: aliyekwenda ni Malcolm, ila Constantine ndiye aliyemchochea.

Juma moja! Ndugu msomaji, nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu, kila kengele ya chuo ilipolia saa moja na nusu asubuhi, miguu yangu ilisimama kabla sijaiamuru. Ningepewa juma moja, ningejua la kulifanyia: ile ratiba ya mazoezi ya kufundisha, na yule mwalimu aliyekuwa akichelewa kila Jumatatu.

Lakini ratiba haichomi nyumba ya mtu. Nawafikiria wale wa kando ya Tees, waliofungwa kamba na kuswagwa pamoja na ng'ombe wao kuelekea kaskazini. Wao hawakuwapo Brunanburh wala hawakumuua mwana wa mtu. Huyu aliyemchochea Malcolm aliwahi kuiona Dunkeld ikiporwa.

Constantine alifariki mwaka 952, akiwa bado mtawa.