Kitabu cha pili cha Narnia na michikichi ya Kigwena

Kitabu cha kwanza cha Narnia, kile cha kabati na theluji, wengi mnakijua, maana kimezunguka nyumba nyingi hapa kambini. Sisi tumemaliza cha pili, Le Prince Caspian, kwa Kifaransa. Dada anasoma, kaka anageuza kwa Kiswahili, Bibi anakatiza. Mwandishi ni C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, na vitabu vyote ni saba, vilitoka kati ya 1950 na 1956.

Wale watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, walikuwa wafalme na malkia Narnia, halafu wakarudi kwao Uingereza. Mwaka mmoja baadaye, wako stesheni wanangoja treni, uchawi unawavuta tena. Wanajikuta ufukweni, wanapenya msituni, wanakuta magofu na miti ya matofaa imeota mpaka getini. Hawapajui kabisa. Kisha Susan anaokota farasi mdogo wa dhahabu, wa mchezo wa sataranji. Lo! Kumbe ni kwao. Kule imepita mamia ya miaka, na matofaa yale walipanda wenyewe.

Hapo Bibi akasema, funga kwanza hicho kitabu.

Sisi ni watu wa Kigwena, kusini ya Rumonge, karibu na ule msitu wa hifadhi. Bibi alikimbia 1972 akiwa msichana, akarudi 2008. Nyumba ya baba yake haikuwepo, na katika shamba walikuwepo watu wengine na watoto wao. Alichokitambua ni jiwe la kupondea kokwa za mawese, lile lenye shimo katikati, bado liko chini ya michikichi. Alikaa juu yake, eti, mpaka jua likazama upande wa Kongo.

Basi tukaendelea. Mfalme Miraz hataki habari za Narnia ya zamani zitajwe, na yaya aliyemhadithia Caspian anafukuzwa. Wadogo zetu waliozaliwa hapa walinyamaza kimya, maana na wao Kigwena wanaijua kwa mdomo wa Bibi tu. Safari ya msituni ni ndefu, inachosha, tuwaambie ukweli.

Mabishano yalikuja mwishoni. Simba Aslan anawaambia wale waliotawala: anayetaka abaki, nchi iwe ya wote; asiyetaka atapewa makao katika dunia nyingine, na mlango unasimamishwa pale pale. Baba akafurahi. Bibi akasema: "Huyo simba alikuwa na mlango. Kigwena mlango uko wapi?"

Kwa tume ya ardhi iliyoanzishwa 2006, familia nyingi za Rumonge ziligawana mashamba na waliowakuta. Sisi tulipata upande wa ziwa, wao upande wa barabara. Tulikopeshana chumvi na ndagala mpaka 2015, tulipokimbia tena. Sasa Baba anataka tujiandikishe kurudi. Bibi anasema kwanza ajue nani anavuna upande wetu, na jirani yule kama yu hai.

Hatujaamua. Kitabu cha tatu ni cha safari ya meli. Familia iliyonacho, mkimaliza mtukumbuke, Bibi anauliza kila siku.