Televizyo ya kikundi chetu

Tuliahidi kwamba siku moja tutawaeleza habari ya televizyo yetu. Wengi mliisikia sokoni, nusu nusu, na ile nusu iliyowafikia haikuwa nzuri. Basi juma hili tunaieleza yote, pamoja na sehemu inayotuaibisha sisi wenyewe.

Sisi ni wamama kumi na tisa, huku juu mlimani Kadutu, mjini Bukavu. Mmoja wetu ni mwalimu wa masomo ya msingi, mwenye diploma ya chuo cha ualimu, na ndiye aliyeshika kalamu. Lakini maneno tumeyapatana wote, na pale tuliposhindana tumeyaacha yalivyo.

Kwa miaka miwili tuliweka feza kidogo kidogo mpaka tukanunua televizyo bapa ya inchi 32, ya mitumba. Haikuwa kwa kujifurahisha tu. Jioni ya siku ya tatu, wamama wanaojifunza kusoma na kuandika hutazama somo tulilowekewa kwenye flashi. Siku ya posho na siku ya yenga tunaonyesha mpira na sinema, na kila anayeingia hulipa kidogo. Ile feza ndogo ndiyo inayonunua madaftari na kalamu za darasa, na mama wa kikundi akijifungua ndiyo inayompelekea sabuni na sukari. Televizyo ikizimika, darasa nalo linazimika.

Ilikuwa inakaa kwa mama mmoja mjane, kwa sababu sebule yake ni pana na mlango wake ni wa chuma. Hakulipwa chochote kwa kuilinda. Sisi wenyewe tulimshonea kitambaa cha uzi cheupe, cha kufunika televizyo isiingie vumbi. Kikumbukeni hicho kitambaa.

Jioni moja ya mvua umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa nguvu hata balbu zikang'aa kupita kawaida. Kesho yake televizyo ilikataa. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka, lakini ukibonyeza, inapepesa, unasikia tik, tik, tik ndani, kisha kimya.

Tukaita fundi. Hatumtaji, kwa sababu hata yeye ana watoto. Aliifungua, akachungulia kama dakika tano, akasema: "Karti imeungua yote. Humu mliingiza maji. Mtoto alimwaga." Akataka dola 70 kwa karti nyingine. Yule mjane ana wajukuu watatu nyumbani. Tuliangaliana.

Tukakaa kikao. Wachache kati yetu walisema tungoje kidogo, lakini sauti zao zilikuwa ndogo, na mwalimu wetu alikuwa mmoja wa hao wenye sauti ndogo. Tuliamua kwamba mwenye nyumba alipe nusu, dola 35, na kikundi kilipe nusu. Alituambia neno moja tu: "Wamama, mimi maji sikuyaona." Baada ya siku nne alileta feza. Alikuwa ameuza vitenge viwili vya waksi, na vyote viwili vilikuwa bado havijashonwa.

Kabla hatujampelekea fundi feza, binti wa mmoja wetu alirudi likizo. Anasoma elektroniki katika masomo ya ufundi, na katika darasa lao wasichana ni wawili. Akasema: "Mama zangu, kabla hamjatoa hiyo feza, niacheni niitazame." Mweka hazina wetu akacheka: "Binti yangu, hii si radio ya betri." Lakini mama yake alikaza, na kwa kweli hatukuwa na cha kupoteza.

Alikuja na multimetri ya bei ndogo, bisibisi mbili, na balbu ya kizamani iliyounganishwa nyaya mbili. Watoto wote akawatoa nje. Akailaza televizyo kifudifudi juu ya godoro, kioo chini, akafungua misumari ya nyuma moja moja na kuipanga katika kifuniko cha sufuria.

Tulidhani ndani mna vitu vingi. Kumbe mna nafasi tupu na vibao viwili vitatu, ile mafundi wanayoita karti. Cha kwanza ni kibao cha umeme: kinapokea volti 220 za ukutani na kuzipunguza ziwe volti 5, 12, na nyingine za kuwasha taa za nyuma ya kioo. Cha pili ni kibao kikuu, penye tundu la flashi na la antena. Hicho ndicho akili. Cha tatu ni chembamba, kiko karibu na kioo, kinagawa picha mstari kwa mstari. Katika televizyo nyingine hicho cha tatu kimeungana na kikuu.

Akaanza na fizibili. Nzima. Akatuambia tulipaswa kulijua hilo bila kufungua, kwa sababu fizibili ikikatika, hata taa nyekundu haiwaki. Ikiwa imekatika na kioo chake kimekuwa cheusi, basi nyuma yake kuna kitu kimepigwa vibaya, na anayeweka kipande cha waya mahali pa fizibili anaiita moto nyumbani mwake. Mmoja wetu alikohoa, kwa sababu kwake wameweka waya.

Kisha akatafuta yale maji. Alituita na tochi, mmoja mmoja. "Maji yakiingia," alisema, "yanaacha njia. Utaona madoa meupe, au kutu ya kijani kwenye miguu ya vyuma. Nionyesheni." Tulitazama wote kumi na tisa, hata wale wasioona vizuri. Hapakuwa na doa. Palikuwa na vumbi, na lilikuwa kavu.

Hapo sebule ilinyamaza. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni.

Binti akaendelea, nafikiri hakuona nyuso zetu, au aliziona akajifanya hakuziona. Akatuonyesha kwenye kibao cha umeme vile vidude vya mviringo vilivyosimama kama makopo madogo. Kwa Kifaransa vinaitwa kondansateri. Vingi vilikuwa na kichwa bapa, lakini viwili vilivyokuwa bega kwa bega vilikuwa vimevimba juu, kama mkate mdogo uliopata chachu.

Mwalimu wetu alikuwa amefundisha neno hilo. Aliliandika ubaoni kwa chaki miaka kadhaa, watoto wakanakili, bila mtu yeyote katika darasa lile, pamoja na yeye, kuwahi kukishika hicho kitu mkononi. Ametuomba tuliandike hili.

Kazi ya kondansateri tuliielewa kwa mfano wa pipa la maji. Maji ya bomba kwetu yanakuja na kukata, lakini ukiwa na pipa, unachota sawasawa mchana wote. Kondansateri ni pipa la umeme: kile kinachokuja kwa kurukaruka inakilainisha. Ndani yake mna majimaji. Joto linayakausha, kidogo kidogo, miaka na miaka, na hewa inayozaliwa ndani inasukuma kifuniko. Mafundi wanahesabu kwamba kila joto likizidi kwa digrii 10, maisha yake yanapungua karibu nusu. Pipa likiisha kuharibika, televizyo ikiwa imelala bado inajiweza, kwa sababu taa nyekundu inakula kidogo sana. Ukiiamsha, inataka umeme mwingi kwa mara moja, volti 12 zinaanguka, ulinzi wa ndani unakata, inajaribu tena, unakata tena. Ndiyo ile tik, tik, tik.

Tukauliza: joto gani, na hapa Bukavu ni baridi? Akageuka akaonyesha kitambaa chetu cheupe, kilichokunjwa vizuri juu ya kiti. Matundu ya nyuma ya televizyo, yale ya juu, ndiyo pua yake. Sisi tuliifunika pua. Umeme wa usiku ule wa mvua uliimalizia tu, lakini ugonjwa ulikuwa wa zamani.

Tunasimama hapa kidogo kwa ajili ya wamama wenye mafundi katika jamaa, au vijana wanaotaka kujifunza. Hii kazi inaweza kuua. Umeme wa 220 ukiingia kwenye kibao unanyooshwa na kufika karibu volti 310, na zinahifadhiwa katika ile kondansateri kubwa kuliko zote. Ukichomoa waya ukutani, zile volti hazitoki palepale. Binti aliichomoa televizyo, akangoja dakika nzima, akapima: bado 180. Akagusisha nyaya za balbu yake kwenye miguu ya ile kubwa, akapima tena mpaka ikasoma sifuri. Ndipo akaingiza mkono. Wengine wanagusisha bisibisi. Cheche inaruka, na kibao kinaweza kufa, au jicho.

Wengi mmetuuliza pia juu ya magonjwa mengine. Kama sauti inasikika na kioo ni cheusi, zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kwa karibu. Ukiona picha hafifu inatembea, kibao kikuu ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma, au sehemu inayoziwasha. Taa hizo zimefungwa kwa mfuatano, moja ikikatika mstari wote unazimika. Baada ya kuzibadilisha, punguza mwangaza katika mipangilio, zitadumu. Kama picha imegeuka rangi au nusu yake haipo, mwambie fundi kwanza aangalie ule utepe bapa unaokwenda kwenye kioo, achomoe na kuurudisha vizuri. Mara nyingine ni hilo tu. Lakini kioo kilichopasuka, usikitolee feza. Bei yake inakaribia televizyo nzima.

Siku ya pili binti na mwalimu walishuka sokoni. Muuzaji wa kwanza aliwapa kondansateri alizotoa kwenye televizyo zilizokufa. Binti alikataa: mzee hamponyi mzee. Kwa mwingine walipata mbili mpya. Za zamani ziliandikwa mikrofaradi 1000 na volti 16. Hizi ni mikrofaradi 1000 zilezile, lakini volti 25, na zinavumilia digrii 105. Namba ya mikrofaradi huwa haibadilishwi. Ya volti inaweza kupanda, isishuke kamwe. Na kuna upande wenye mstari, ndio wa hasi; ukiugeuza, kidude kinapasuka. Zote mbili zilitugharimu franka 3,000.

Alilehemu karibu na dirisha wazi, kwa sababu ile risasi ina moshi mbaya, na alinawa mikono kabla ya kushika chakula. Alipowasha, alipima kwanza: 12, ikasimama imara. Kisha picha ikatoka. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtoto wa jirani tu ndiye aliyepiga kelele dirishani.

Jioni ileile tulikwenda wote kwa mwenye nyumba, ingawa tulikuwa tayari nyumbani mwake. Tulitoka nje, tukabisha hodi upya. Ilikuwa shauri la mkubwa wetu, na lilikuwa jema. Tulimrudishia dola 35, tukamwomba msamaha, kila mmoja kwa kinywa chake. Alihesabu feza, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Kisha akatuambia kwamba kimojawapo cha vile alivyouza kilinunuliwa na mumewe, juma la mwisho kabla hajalazwa. Mweka hazina alikwenda kesho yake kukitafuta kwa aliyekinunua. Kilikuwa kimekwisha kukatwa, kimeshonwa nguo za arusi.

Alitupokea msamaha. Lakini aliomba televizyo iondoke kwake, na tulimwelewa. Sasa inakaa kwa mwalimu, haina kitambaa, na inapita kwenye stabilizateri tuliyoinunua kwa ile nusu ya kikundi ambayo haikumfikia fundi. Umeme ukikatika tunaichomoa, na ukirudi tunangoja dakika kumi kabla ya kuichomeka. Kikundi kimeandika pia katika daftari lake kwamba hakuna mama atakayelipishwa kwa neno la fundi mmoja.

Darasa la siku ya tatu limeanza tena. Binti amerudi masomoni, nasi tumemchangia feza ya pasi yake mwenyewe ya kulehemu, kwa sababu ile aliyotumia ilikuwa ya kuazima. Yule mama anakuja darasani. Zamani alikaa mbele, sasa anakaa karibu na mlango. Juma lililopita alisoma ubaoni mstari mzima bila kusaidiwa.