NGOMA MBILI ZILIZONIFUNZA

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Methali hii nimeiandika kwenye insha mara nyingi ili nipate alama, lakini sikujua kwamba siku moja ingenihusu mimi mwenyewe, tena kwa ngoma za kweli, si za mafumbo.

Msomaji mpendwa, mimi ni mpiga ngoma. Kwaya ndiyo iliyonifunza kushika vijiti, ila moyo wangu uko kwenye muziki mzito, ule wa magitaa yanayonguruma kama lori la mawe likipanda mlima kwa gia ya kwanza. Najua wengi wenu hucheka. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kama huo ni muziki ama ni mabati yanang'olewa na upepo. Lakini muziki huu una wenyewe hata hapa kwetu. Mwaka wa 2020 Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao iitwayo Duma kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, nayo ikasikika hadi Ulaya. Duma ni neno la Kikuyu, maana yake giza. Kwa hivyo si mambo ya Wazungu peke yao.

Rafiki yangu, ambaye pia ni jirani yetu hapa Lukenya, hupiga gitaa. Tulikuwa na ngoma ya mguu ya inchi 22, ngoma moja ya waya, na matoazi mawili, moja limepasuka. Kilichokosekana ni tomu. Tomu ni zile ngoma zisizo na waya chini, ambazo mpigaji huzikimbilia anapotaka kuvuka kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Bila tomu, seti ni kama ugali bila mboga. Utashiba, lakini utalalamika.

Likizo ya Agosti tulisikia kuna mtu mjini Athi River anauza tomu zake moja moja. Alikuwa na ya inchi 10, ya 12 na ya 13, kila moja shilingi 4,000. Ya inchi 16, ile ya kusimama chini kwa miguu yake mitatu, ilikuwa shilingi 7,500. Sisi tulikuwa na shilingi 12,000. Mimi nilitoa 5,000, pesa za mayai. Mwenzangu alitoa 7,000, na hizo alizipata kwa kupakia mawe kwenye machimbo wiki tatu mfululizo, mpaka viganja vyake vikawa haviwezi kubana nyuzi za gitaa.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Ama tununue tatu ndogo kwa 12,000 na turudi nyumbani kwa miguu, ama tununue ya 12 na ya 16 kwa 11,500 na tubaki na 500 ya nauli.

Mimi nilitaka tatu. Mbona nisitake? Nilikuwa nimeona picha za wapigaji wakubwa waliozungukwa na ngoma kama mama kuku na vifaranga vyake. Mwenzangu alitaka mbili. Alisema yeye hulegeza nyuzi za gitaa ili sauti ishuke chini kabisa, na gitaa likishuka hivyo linahitaji ngoma ya kulijibu huko chini, siyo vingoma vya kupiga kelele juu.

Nikamjibu neno ambalo hadi leo linaniuma. Nilisema, "Mpiga ngoma ni mimi. Wewe shika nyuzi zako." Hakunijibu. Aliangalia viganja vyake tu, kisha akaenda zake. Tuliachana hivyo siku ya Jumatano, na muuzaji alikuwa ametupa hadi Jumamosi.

Alhamisi mama alinituma kwa susu, yaani nyanya yetu, kule Kangundo, nimpelekee dawa. Susu siku hizi ni mtu wa kanisa, lakini ujanani alikuwa akipiga ngoma ya kilumi. Kwa wasiojua, kilumi ni ngoma ya sisi Wakamba, na hasa ni ya kina mama wazee. Ilichezwa wakati wa kuomba mvua na wakati wa kuwatuliza pepo. Ngoma yake moja bado iko stoo, ndefu, imeegemezwa ukutani nyuma ya magunia.

Nilimweleza shida yangu nikidhani atacheka. Wapi! Aliniambia niitoe ile ngoma niianike juani, kwa maana ngozi ikipoa hulegea na sauti hulala. Baada ya nusu saa akaigonga kwa kiganja. Lo! Kifua changu kilitetemeka. Nikamuuliza kikundi chao kilikuwa na ngoma ngapi. Akasema mbili. Nikauliza, "Mbili tu, susu?"

"Moja ya kuuliza na moja ya kujibu," akasema. "Hizo zako tatu zinasemaje?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ziko inchi 10, 12 na 13. Akauliza kama ile ya 12 na ile ya 13 zinapishana sauti, ama ni mapacha wanaoitikia jina moja. Nikabaki nimeduwaa kama kondoo aliyekosa njia.

Usiku ule nilichukua kalamu. Kanuni ni hii: ngozi mbili za aina moja zikikazwa kwa nguvu sawa, iliyo pana hutoa sauti ya chini, na sauti hushuka kwa kadiri upana unavyoongezeka. Basi nikagawanya. Kumi na tatu kwa kumi na mbili ni kama 1.08. Wanakwaya wenzangu, hiyo ni hatua ndogo kuliko do hadi re! Kumi na mbili kwa kumi ni 1.2, sawa na kutoka mi hadi so. Lakini kumi na sita kwa kumi na mbili ni nne kwa tatu, yaani do hadi fa kamili. Hapo hata mtu aliyesinzia kiti cha nyuma atajua ngoma imebadilika. Kweli unaweza kukaza moja na kulegeza nyingine ili uzitenganishe, lakini ngozi ikilegezwa kupita kiasi hupwaya kama karatasi, na ikikazwa mno hulia kama kopo.

Nilikumbuka pia habari za John Bonham wa Led Zeppelin, yule Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1980. Watu huiga nguvu zake hadi leo, ilhali mbele yake alizoea kuweka tomu moja tu, ya inchi 14. Mbili nyingine, za 16 na 18, zilisimama chini ubavuni, na ngoma yake ya mguu ilikuwa ya inchi 26. Uzito ulitoka kwenye upana na mkono wake, siyo kwenye wingi.

Hata hivyo, sitaki kuwadanganya. Tomu ya inchi 10 ina kazi yake. Ikiguswa husema na kunyamaza mara moja, kwa hivyo nyimbo za kasi sana huihitaji. Ile ya 16 huguna kwa muda mrefu, na ukiipiga mfululizo upesi upesi sauti zinachanganyikana kama uji. Nyimbo zangu za kasi nilizozipenda zingeumia. Nilijua hivyo, na bado nikaamua.

Ijumaa jioni nilienda kwao rafiki yangu. Nilimkuta akikamua mbuzi. Nilimwambia nimekosea, kwa hesabu na kwa maneno. Alinyamaza hadi kikombe kikajaa, ndipo akasema, "Basi kesho tuamke mapema."

Kwa muuzaji tulizigonga zote. Ya 12 na ya 13 zilifanana vile vile susu alivyobashiri. Ya 16 ilipogongwa, mbwa wa jirani alibweka. Tukalipa. Kwenye matatu utingo alikataa katakata kuipandisha mpaka tuilipie kiti, basi ile ngoma ikasafiri imekaa dirishani kama abiria, nasi tumesimama tumeinama hadi Lukenya. Baadaye tuliiwekea ngozi nene ya tabaka mbili na kuibandika kitambaa pembeni ili mguno upungue. Nyimbo za kasi bado zinanishinda kidogo, lakini zile za polepole, wacha tu.

Tulipiga pamoja muhula mmoja. Januari baba yake alipata kazi Voi, na familia yote ikahama. Hakuweza kubeba ngoma, wala mimi sikuwa na shilingi 7,000 za kumrudishia. Alisema nisijali. Lakini mimi niliviona vile viganja. Kila mwezi ninauza mayai na kumtumia shilingi 500 kwa M-Pesa. Kufikia sasa nimetuma 2,000, na dawa ya deni ni kulipa.

Wenzangu, mkinisikia nikifanya mazoezi jioni msinung'unike. Tomu ndogo ni yangu. Ile kubwa bado ni ya mwenzangu, na ninapoipiga najitahidi nisiipige kwa kiburi.