Kipupwe, ukungu na pumzi ya mama (Sehemu ya 9)

Leo chanjo tunaiweka pembeni. Naongelea roho.

Huku Usambara majira tunayasikia mwilini. Masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza na nguo za mtoto hazikauki. Halafu Juni mpaka Agosti ni kipupwe. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Magamba, saa nne asubuhi inafika hujaliona jua. Mzazi yuko ndani na kichanga, baba kaenda mjini kutafuta, mlango umefungwa kwa baridi, wa kuongea naye hakuna. Akija kliniki, mtoto yuko vizuri kabisa, mstari kwenye kadi unapanda. Ukimuuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" machozi hayo. "Nesi, sijui hata nina nini."

Wasambaa wana msemo, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Zamani lilikuwa jambo la mvua na watawala wa Vuga. Mimi (wazee mnisamehe) nalisogeza hadi kwa mzazi: naye ni nchi, ana ukame wake na mvua zake.

Sasa fanya hivi. Ukikaa kunyonyesha, simu weka mbali. Shusha mabega. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, iachie polepole ukihesabu hadi 6. Rudia mara kumi. Ukiitoa pumzi taratibu mapigo ya moyo yanapungua, na mwili ukitulia maziwa yanashuka kwa urahisi, maana wasiwasi huichelewesha ile homoni inayoyasukuma. Unayetaka kuweka dua au sala humo, weka. Mawazo yakikimbilia kwenye kuni na ada, usijigombeze, rudi tu kwenye pumzi. Jua likichomoza, hata dakika kumi, toka ukae kibarazani. Sikiliza ndege, angalia migomba inavyochuruzika umande.

Ila nakuomba sana, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Hewa yake yenye sumu haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Mtoto mpashe joto kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kisha khanga na blanketi juu.

Na pumzi haitibu kila kitu. Huzuni ikipita wiki mbili, usingizi hauji hata mtoto akilala, au humtamani mtoto wako, njoo kituoni. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho, mwambie mtu wa karibu akulete leo hii. Huo si uvivu, wala hujarogwa. Ni ugonjwa, una matibabu.

Akina baba mnaosoma kimyakimya nawaona. Mpigieni simu mke, na msianze na "mtoto mzima?" Anzeni na yeye.

Sehemu ya 10 ni uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Andaeni maswali.