Kuwaaga Ndege wa Kaskazi

Mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukianza kulegea na masika yakikaribia, pwani ya Malindi huaga wageni wasiobeba cheti wala mzigo. Hao ni ndege waliokuja kwetu toka Ulaya na Asia kwa kukimbia baridi. Sasa wataka kurudi, maana huko kwao theluji yayeyuka na majani yachipua. Zamani majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Ndege nao wana msimu wao.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri kuwatazama, wala hatukuhitaji kwenda mbali. Bustanini, juu ya mwarobaini, tulimwona ndege mdogo wa rangi ya kijani iliyofifia, akipekua jani baada ya jani kutafuta wadudu. Uzito wake ni gramu 10 hivi, haupiti wa barua katika bahasha. Na wako wa jinsi yake warukao zaidi ya kilomita 10,000 mpaka Siberia.

Tukashika njia ya mashamba kuelekea Gede. Wakulima walikuwa wakitayarisha ardhi, na mbele ya majembe yao mbayuwayu walipita chini chini wakidaka wadudu. Zamani watu wa Ulaya hawakujua kwa hakika mbayuwayu wao huenda wapi. Mwaka 1911 mmoja alivishwa pete mguuni huko Uingereza, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Kazi kama hiyo ya pete imefanywa Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu 1969.

Mwisho tukafika hori ya Mida, maji yamekupwa. Vitwitwi kwa mamia walikuwa wakichokoa matope, hawainui vichwa. Si ulafi huo. Ndege wa safari hula sana siku hizi ili aweke mafuta mwilini, na mafuta hayo ndiyo masurufu yake. Aliyeondoka bila ya kushiba huenda akaanguka njiani.

Hapo ndipo lilipo neno letu. Mvulana apigaye ndege kwa manati mwezi huu hudhani ameua ndege wa uani tu, kumbe amemkata msafiri aliyekwisha funga mizigo. Na mkulima anyunyizaye dawa ya wadudu bila kipimo huwanyang'anya wasafiri chakula chao.

Basi, enyi wazazi, wapeni watoto daftari badala ya manati. Waandike siku walipomwona mbayuwayu wa mwisho, na ifikapo Septemba waanze kumtazamia wa kwanza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wametulia wadudu wa mashamba yetu miezi yote hii. Haki yao kwetu ni waondoke salama.